Homa, Pigo, Hofu

Mangobo, Jumatatu 22 Januari 2024

Mdogo wangu Félicien,

Nakusalimu wewe na mkeo Lydie, na wote wa upande wenu wa mto. Nimesikia maji yameshuka na mmeanza kukarabati mitego, vizuri. Sisi hapa Mangobo, Kisangani, tuko hai. Paa la chumba changu limebadilishwa, la jikoni bado linavuja, na jirani wa kushoto ameoa tena, tumesikiliza ngoma zake siku mbili. Nakuandikia kwa mkono na kumpa Doudou wa boti kwa sababu kila nikipiga simu yako anapokea mjomba wetu, Tonton Eddy, na yeye hanipi hata nafasi ya kuuliza mmekula nini.

Binti yako Georgette alifika Alhamisi. Doudou alimbeba kutoka kwenye boti hadi kwenye toleka, baiskeli ya abiria, akaniambia, "Tantine, mutoto wenu iko mwepesi sawa mufuko ya kwanga yenye banamaliza kula." Nilicheka. Nilipomvua nguo nimwogeshe, sikucheka tena.

Mgongoni ana mistari kumi na moja. Niliihesabu kwa kidole, na kila nilipogusa aliuma midomo kama mtu mzima. Kwenye vifundo vya mikono ana alama za kamba. Macho yalikuwa yamevimba. Nikamuuliza, "Macho iko na nini, mama?" Akasema, "Pilipili." Nikamuuliza ni nani aliyemtia. Alifunika uso kwa mikono yote miwili na mkojo ukamtoka. Mtoto wa miaka sita, Félicien, ambaye alijua kwenda chooni kabla hajajua kusema jina lake.

Katika kikaratasi chako uliandika maneno matatu tu: "Anaanguka-anguka. Mpeleke hospitali." Basi nimempeleka. Docteur Lionel, kijana mwenye miwani na sauti ya chini, alimtembeza kwenye mstari wa sakafu. Alikwenda hatua nne. Akampiga picha ya kichwa. Anasema sehemu nyeupe ya ubongo, ile inayopeleka habari kutoka kichwani hadi miguuni, inaonekana kama kitu kilicholowa maji. Akauliza kama nyumbani kuna mwingine aliyeugua hivi. Nikamweleza habari za Dady, kaka yake, ambaye mwaka juzi ulituandikia kwamba alikufa kwa malaria. Aliliandika jina hilo. Kisha akachukua damu ya mtoto. Mwenzake ataipeleka Ulaya ikapimwe.

Anataka tarehe. Kila homa na kila kuanguka, kwa Dady na kwa Georgette, na jambo lililotokea siku chache kabla. Nikamwambia ana bahati, maana mdogo wangu anaandika daftari kila siku tangu alipokuwa sekondari, na daftari lake halidanganyi.

Niandikie. Na uniambie ile mistari kumi na moja ni ya nani.

Dada yako,
Clothilde


Yanonge, Jumapili 11 Februari 2024

Yaya Clothilde,

Barua yako ya tarehe 22 Januari imenifikia tarehe 3 Februari. Boti ilikwama kwenye mchanga siku tano. Salamu zako nimezifikisha. Lydie anaendelea vizuri, kidonda cha mguu kimefunga. Samaki ni wachache, lakini wiki iliyopita tulipata kapitaine mmoja mrefu kama mlango, na watu walikuja kumwangalia. Kanisa la wakatoliki limepata bati mpya.

Nimefungua madaftari kama ulivyoomba. Dady alizaliwa bila shida na alitembea kwa wakati wake. Tarehe 3 Aprili 2021, homa kali siku tatu. Baada ya hapo mguu wa kushoto ulianza kuburuta. Tarehe 17 Oktoba 2021, malaria, sindano. Wiki moja baadaye hakuweza tena kushika kasia, vidole vilikuwa vinatetemeka. Tarehe 11 Mei 2022, nimeandika: "Mtego wa tatu umekatika, kamba ya zamani." Tarehe 2 Juni 2022: "Dady amefariki saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka minane."

Georgette: homa tarehe 20 Novemba 2023, tarehe 4 Desemba alianguka mara tatu njiani kwenda kisimani. Tarehe 6 hadi 8 Januari, aliombewa. Tarehe 16 Januari, nimempandisha boti kuja kwako.

Kuhusu mgongo, watoto huanguka.

Sasa jambo lenyewe. Mama Ursule wa chumba cha maombi amefunga siku saba, na ameona kwamba Georgette ndiye aliyemla Dady kwa uchawi. Ugonjwa wa wote wawili ni mmoja, anasema, umetoka kwa mkubwa ukaingia kwa mdogo kwa sababu mdogo ndiye aliyeubeba tangu tumboni. Tonton Eddy amekubali. Alisema mbele ya familia yote: "Ule mutoto anakula batu. Anamaliza kula ndugu yake, kesho atakula mama yake." Kazi ya maombi haikumalizika ile Januari. Wanataka arudi waimalize.

Mimi bado sijajibu. Hospitali ikisema kitu cha maana, niandikie upesi.

Mdogo wako,
Félicien


Mangobo, Jumatatu 8 Aprili 2024

Félicien,

Salamu kwako na kwa Lydie. Mwambie nimefurahi kwa mguu wake. Pasaka ilipita, Georgette alivaa gauni la njano nililomshonea, akaimba akiwa amekaa. Kusimama hawezi bila kushikwa. Lakini anakula, anacheka, na anawapa kuku wangu majina ya watu wa Yanonge. Yule mwenye kelele ni Tonton Eddy.

Jibu la damu limekuja. Docteur Lionel alinikalisha akaniandikia jina kwenye karatasi, nami nakunakilia kama lilivyo: EIF2B5. Ni jeni, maagizo madogo sana yaliyo ndani ya kila seli ya mwili wetu. Nilimwambia sikuelewa. Akacheka, akasema, "Bon, mama. Unajua wavushaji pale mtoni?" Nikamwambia nimezaliwa Yanonge, aniulize kitu kigumu.

Akaeleza hivi. Seli inajenga protini mchana na usiku, na mwili wote umejengwa kwa protini. Kila fundi anapotaka kuanza kujenga, mtumbwi unamletea kipande cha kwanza kutoka ng'ambo. Ukishateremsha mzigo, mtumbwi unabaki pale, mtupu, hauwezi kurudi wenyewe. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuusukuma urudi ukachukue mzigo mwingine. Protini ya jeni hii ndiye mtu huyo. Mwili ukipata homa, au pigo, au hofu kubwa, kazi yote ya ujenzi hupunguzwa makusudi mpaka hatari ipite, kisha huyo mtu anaianzisha tena. Kwa Georgette mtu huyo mikono yake ni dhaifu. Siku za utulivu anajikokota na mitumbwi inapita. Siku ya ghasia inamshinda, na seli zinazotunza ile sehemu nyeupe ya ubongo zinaharibika. Zikiharibika hazirudi.

Dawa hakuna. Sikiliza vizuri maana nilimuuliza mara mbili: hakuna Kisangani, hakuna Ulaya. Kilichopo ni kumkinga na mambo matatu. Homa, itibiwe saa ileile. Pigo, hasa la kichwani, hata dogo. Na hofu.

Sasa uniambie pilipili na kamba ni dawa ya nini.

Jambo la pili ni letu sote. Mtoto hupata ugonjwa huu pale tu anaporithi maagizo mabovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wewe unayo nusu, Lydie anayo nusu, na ninyi hamuumwi. Docteur akauliza kama baba na mama ni ndugu. Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka jogoo. Bibi yetu na bibi yake Lydie walitoka tumbo moja, na Tonton Eddy hakutaka maeneo ya mitego yaende kwa ukoo mwingine, akamkata yule jogoo katikati. Upande wetu ukala nusu yake, upande wao nusu yao, akatangaza kwamba undugu umekatwa na mnaweza kuoana. Mimi mwenyewe nilikula bawa. Kilichokatwa siku ile ni jogoo tu, mdogo wangu.

Kwa hiyo hakuna ndoki, hakuna mchawi. Kuna watu wazima waliokula kuku.

La mwisho. Docteur amezisoma tarehe zako na amezipenda, isipokuwa mahali pamoja. Kutoka tarehe 11 Mei hadi 2 Juni 2022, siku ishirini na mbili, hakuna neno. Wewe unaandika hata siku kamba inapokatika. Malaria ya Oktoba uliiandika na sindano yake. Hii iliyoua haina homa, haina dawa, haina chochote. Mimi pia nakuuliza: Dady alipatwa na nini?

Clothilde


Yanonge, Ijumaa 19 Aprili 2024

Yaya,

Salamu. Hapa wote wazima. Mvua imenyesha siku nne.

Nimeisoma barua yako mbele ya familia kama inavyofaa. Nilipofika kwenye jogoo Tonton Eddy aliomba karatasi, akaitupa motoni. Alisema msichana wa Mangobo amekwenda kujifunza kwa wazungu jinsi ya kumwita mjomba wake muuaji. Lydie alitoka nje. Nimeandika barua hii peke yangu.

Unasema mimi nimewapa watoto wangu kifo kwa damu yangu. Ni rahisi kuandika hivyo kwa mtu ambaye hakuzaa.

Unaniuliza siku ishirini na mbili. Nilikuwa na kazi. Mtu hana wajibu wa kuandika kila siku.

Mama Ursule anasema kila siku Georgette anayokaa huko, kinachomla kinapata nguvu. Watu hawanunui tena samaki wangu. Wanavuka njia wakimwona Lydie. Jumatatu mtu alipaka kinyesi kwenye mlango wetu. Wewe huko mjini unapewa karatasi zenye herufi na namba. Mimi huku naishi na watu.

Jumanne tarehe 30 Aprili nitakuja kumchukua mwanangu. Tonton Eddy atakuja nami. Umwandae.

Félicien


Mangobo, Jumanne 7 Mei 2024

Félicien,

Salamu. Je, mkono wako umeungwa? Nilisikia mfupa.

Naandika kwa sababu ulikimbia kabla ya mwisho, na mtu anapaswa kujua alichokifanya mpaka mwisho wake. Mwanzo unaujua. Nilikuwa uani natwanga ndizi za lituma, saa nne asubuhi, jua kali, na Georgette alikuwa ndani juu ya mkeka. Mkagonga.

"Yaya, fungula mulango."

"Salimia kwanza. Ao adabu umeacha ku boti?"

Tonton Eddy akapaza sauti ili mtaa usikie: "Clothilde, mutoto haiko wako! Weye unalisha ndoki!"

"Ndoki iko yule anatia mutoto pilipili ku macho, Tonton. Ingia, nikuonyeshe."

Nilisema hivyo, sikatai. Nilikuwa na mchi mkononi na nilitaka muingie. Wale vijana wawili wa chumba cha maombi waliupiga mlango mateke ukatoka kwenye bawaba. Wewe ulinishika shingo. Mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, ulinisukuma chini, ukanipiga teke la mbavu, mara mbili, na huku unalia. Nilipoinuka nilikuvunja mkono kwa mchi. Sijuti. Ningekuwa na nguvu zaidi ningeuvunja na wa pili.

Hapo ulipiga kelele na hukuona kilichokuwa kinatokea ndani. Georgette alijikokota hadi chini ya kitanda. Tonton Eddy alilala kifudifudi, akamshika mguu, akamvuta. Mtoto alishikilia mguu wa kitanda na kitanda kikaja naye. Hakuita jina la mtu. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, ya mnyama. Kisha majirani waliingia, na jiwe la kwanza lilipasua kichwa cha Tonton Eddy, damu ikamwingia machoni, akamwachia. Wewe na wale vijana mlikuwa mmeshafika barabarani. Walimfukuza yeye hadi karibu na soko na wakamrudisha kwenu bila viatu. Hilo najua limekufikia.

Hili halijakufikia. Nilimkagua Georgette mwili mzima. Hakuna aliyempiga. Kichwa chake hakikugusa hata sakafu. Hakuwa na homa. Alikuwa na hofu, basi. Saa nane alitapika. Saa kumi nilimwita jina akanitazama kama anayetafuta mtu nyuma yangu. Saa kumi na mbili hakufumbua macho tena. Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki, nimemfunga kwangu kwa kitenge, mbavu zangu zikilia kwa kila shimo la barabara.

Leo ni siku ya nane. Analishwa kwa mpira wa puani. Docteur Lionel anakuja asubuhi na jioni, anainua kope zake, anaandika. Nilimuuliza, "Ataamka?" Akasema, "Mama, sijui." Daktari aliyesoma miaka yote ile.

Nimewaambia majirani: nikikuona tena mlangoni, sitashika mchi. Nitashika panga.

Clothilde


Yanonge, Ijumaa 24 Mei 2024

Yaya Clothilde,

Sijui niulize vipi hali ya mtoto, kwa hiyo nauliza hivi: bado yuko? Doudou hakujua. Barua yako ilinifikia tarehe 16. Kila boti iliyopita baada ya hapo nilikwenda kuuliza, wakaniangalia mkono wakacheka.

Naandika kwa mkono wa kushoto, unisamehe mwandiko.

Siku ishirini na mbili. Niliandika, Yaya. Niliandika tarehe 11 Mei yote, kisha nikakata ukurasa, nikauficha ndani ya Biblia ya mama. Nakunakilia.

"Jumatano 11 Mei 2022. Mtego wa tatu umekatika, kamba ya zamani. Dady aliachiwa kushika kikapu mtumbwini. Kikapu kikamponyoka, samaki wote wa asubuhi wakarudi majini. Nikamwambia ashike kasia basi. Kasia likaponyoka. Alikuwa anacheka, sijui kwa nini anacheka. Nikaliokota kasia nikampiga nalo. Nilitaka bega. Aligeuka. Likampata juu ya sikio. Alikaa, akasema, Papa, naona giza. Nikamwambia aache uvivu."

Alilala siku hiyo mchana, na hakuamka vizuri tena. Siku ishirini na mbili tulimtilia uji mdomoni ukarudi. Nilimwambia Lydie ni malaria. Niliwaambia wote ni malaria. Nilijua alivyokuwa anatetemeka vidole, nilikuwa nimeandika mwenyewe mwezi wa Oktoba, na bado nikamwita mvivu.

Kisha Mama Ursule akaona alichoona, na watu wakamgeukia Georgette. Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilipumua. Kama alikuwa yeye, basi haikuwa kasia. Nilimpeleka kwenye chumba cha maombi mwenyewe, kwa mkono. Ile mistari kumi na moja, saba ni ya wale vijana. Minne ni yangu. Waliniambia baba akionyesha huruma, pepo hatoki. Siku ya tatu alinitazama akasema, "Papa, naona giza." Maneno yaleyale. Ndiyo sababu nilimpandisha boti. Halafu barua yako ikaja ikisema hakuna ndoki, na nikaona kwamba mtoto huyo akiwa hana hatia, mimi ndiye ninayebaki. Ndiyo sababu nilikuja kumchukua.

Jumapili tarehe 19 ilikuwa Pentekoste. Chumba cha maombi kilijaa hadi nje. Nilisimama wakati wa ushuhuda, na walinipigia makofi wakidhani naleta habari za mkono kupona. Nikausoma ule ukurasa. Nilisoma na tarehe.

Lydie ndiye aliyeanza. Alitoka upande wa wanawake, hakukimbia, alitembea, akachukua benchi dogo la watoto na kunipiga nalo usoni. Meno matatu yalitoka. Nilibaki nimesimama ili aweze kunipiga tena, akanipiga. Kisha walikuja wanaume. Tonton Eddy alikuwa anapiga kelele, "Anadanganya! Ule mutoto anamuroga kinywa!" Mama Ursule akasema pepo amenihamia mimi, wakanipiga kwa ajili ya hilo pia. Waliniburuta hadi mtoni, mbavu zangu zikapigwa kwenye mawe. Mtumbwi wangu waliumwagia petroli mbele yangu. Niliutazama ukiwaka. Niliogopa kimoja tu, wasije wakanizamisha kabla sijakuandikia.

Lydie anakuja na boti hii, ndiye anayekuletea barua. Hataki kusema nami. Mpokee, hakujua.

Mimi nitakuja nikiweza kutembea. Sitavuka mlango. Nitakaa barabarani kwa magoti, unipige panga kama utataka, lakini kabla ya hapo nimwone mara moja, nimwambie haikuwa yeye.

Félicien


Mangobo, Ijumaa 14 Juni 2024

Félicien,

Lydie amefika salama na anakaa nami. Hajakusalimu, sitakudanganya. Mvua zimepungua. Mlango umetengenezwa na fundi wa hapa mtaani, ambaye alikataa kula kwangu mpaka nimwonyeshe mchi.

Georgette aliamka tarehe 12 Mei. Hasimami tena na hatasimama. Jicho la kulia halioni tena mwanga. Maneno amebaki nayo machache, na anayatafuta mojamoja, lakini akiyapata ni yenyewe. Alipomwona mama yake alitafuta kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Umechelewa." Lydie alicheka na kulia mpaka wagonjwa wengine wakagombana naye.

Barua yako nilimsomea Lydie yote, hata aliyokuwa ameyasikia kanisani. Mimi niliisoma mara tatu peke yangu. Sijakusamehe. Sijui kama ni kazi yangu. Nakushukuru kwa ukurasa ule. Docteur Lionel ameuweka katika faili na kusema sasa anaelewa.

Kuhusu kuja kwako.

Jumamosi iliyopita, tarehe 8, mtu alibisha hodi uani. Ni muuza mafuta ya mawese, mzee wa Isangi, hana ubaya. Lakini ana sauti yako. Hata mimi niligeuka. Georgette alikuwa mapajani mwa mama yake anachezea kijiko. Kijiko kilianguka. Mwili wote ukakakamaa kama ubao, jicho lile zima likaangalia mlango, na siku mbili hakumeza kitu. Tulirudi hospitali. Docteur alipojua ilikuwa ni sauti tu, alivua miwani. Akaniambia, "Mama, kwa huyu mtoto woga ni pigo. Hatabaki na kitu kingine cha kupoteza mara ijayo."

Kwa hiyo usije. Usikae barabarani kwa magoti, usitume salamu kwa sauti kwenye simu ya Lydie, usipite. Nilikuwa nimekuwekea panga, nimelirudisha jikoni. Hii siyo adhabu. Ingekuwa adhabu ningekuruhusu uje. Mimi na Lydie tutamwambia haikuwa yeye, kila asubuhi, mpaka ashike. Wewe kazi yako ni kumkosa.

Clothilde


Yanonge, Ijumaa 28 Juni 2024

Yaya Clothilde,

Natumaini barua hii inawakuta wazima wote watatu. Mimi navua kwa mtumbwi wa mtu, nusu kwa nusu.

Barua yako ilinifikia tarehe 21, nami nilishapanga safari. Nilikuja hata hivyo. Nakuambia mwenyewe kwa sababu nimeacha kuficha tarehe.

Alhamisi tarehe 27 nilifika Kisangani na boti ya Doudou saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimewaletea samaki wa kukaushwa, kapu moja, nikampa Doudou awakabidhi, na nikamwambia nitabaki botini. Sikujua utakuja kumpokea Doudou pamoja na mtoto. Ulishuka ukiwa umembeba mgongoni kwa kitenge cha bluu. Nilikuwa nimeshaondoka botini kukojoa, na njia ya kurudi ilikuwa mbele yenu. Nikaingia kati ya magunia ya makaa, nikachuchumaa.

Mlisimama hatua sita kutoka kwangu. Doudou alikuwa anatania, "Tantine, leo mutoto iko na uzito, munamulisha nini?" Ukasema, "Tunamulisha Tonton Eddy, bado miguu." Nikajua ni yule kuku. Georgette alikuwa ameegemeza shavu kwenye shingo yako na vidole vyake vinachezea sikio lako. Amenenepa. Nywele mmemsuka mistari. Alisema neno moja, sikulishika, nawe ukamjibu.

Tangu zile mbavu, vumbi likinigusa nakohoa. Vumbi la makaa lilinijaa puani. Kikohozi kilipanda hadi kooni, na kikohozi changu ni sauti yangu. Niliuma kitambaa cha bandeji ya mkono, nikashika pua, macho yakanitoka. Ulianza kuzungumza habari za bei ya unga. Nilisali uache. Nililala kifudifudi juu ya makaa, nikaweka mdomo chini.

Mliondoka polepole. Nilihesabu mpaka sikuweza tena kusikia ndala zako, kisha nikahesabu tena mia mbili.

Ndipo nikakohoa.

Félicien